Samaki Wasiolishwa kwa Mkupuo

Bado naiona ile Ijumaa, mwanangu, mama mkwe wangu Bi. Somoe alipowanyamazisha wazee wa ukoo sebuleni kwangu, chujio la chai mkononi. Nilikuwa kijana, mke wa miaka michache tu, hapa hapa Mikindani. Najua siku hizi nanyi mnafuga samaki wa maji chumvi majumbani, mnajifunza kwenye simu. Haya nikusimuliayo yatakufaa hata kama hufugi.

Mume wangu Athumani alikuwa mzamiaji. Kazi yake ilikuwa kukagua meli kwa chini bandarini Mtwara, na siku za mapumziko alizama kwa raha zake kwenye miamba ya nje ya ghuba. Siku moja ngoma ya sikio ikapasuka. Daktari akamwambia asizame tena maishani. Akarudi nyumbani, akakaa. Hakugomba, hakulia. Alitazama ukuta tu, na ukimsalimu anaitikia nusu.

Rafiki yake, Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyefundisha sekondari, akamletea tangi la kioo na pampu ya hewa. "Kama wewe huendi baharini," akasema, "basi bahari ije kidogo hapa." Wazamiaji wenzake wakamletea samaki: wale wadogo wa rangi ya chungwa waendao makundi makundi juu ya matumbawe, waitwao anthia. Uso wa mume wangu ukafunguka. Nikasema, alhamdulillahi.

Lakini samaki hawakula. Athumani aliwatilia dagaa wa kupondwa, konzi nzima asubuhi, ikazama chini na maji yakaanza kunuka. Mmoja akafa, kisha mwingine. "Hata hawa wananishinda," akaniambia, akalifunika tangi kwa khanga yangu. Mwanangu, nilipoiona khanga ile juu ya kioo niliogopa, kwa sababu nilijua kilichokuwa kikifunikwa si samaki peke yao. Nikatuma mtu kijijini Ziwani amwite mama yake.

Na kila Ijumaa baada ya sala, baba zake wadogo na wajomba walikuja kumpa nasaha. Walimpenda, sikatai. Lakini walisema yote kwa pamoja: tafuta kazi nyingine, nenda Nanyamba ukalime korosho, mwanamume hakai ndani, shukuru u hai, mbona fulani alikatwa mguu na anafanya biashara. Wakiondoka, Athumani hawezi hata kumaliza kikombe cha uji.

Bi. Somoe alipofika hakumuuliza habari za sikio. Aliondoa khanga, akainama, akawatazama samaki kwa muda mrefu.

"Hawa huko kwao wanakulaje?"

"Hawana mlo, Mama," akajibu Athumani. "Wanasimama kwenye mkondo kutwa nzima. Maji yanawaletea vidudu vidogo vidogo, nao wanadonoa kimoja kimoja, tangu alfajiri mpaka jua linazama."

"Sasa baba, mtu wa kudonoa unampa sinia la pilau la nini?"

Athumani akacheka. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Mwiko nusura uniponyoke.

Tukabadilisha maji, madumu kwa madumu kutoka baharini. Tukanunua uduvi mbichi kwa wanawake wa ufukweni, tukawakatakata vipande vidogo kabisa, tukawasuuza kwenye chujio la chai, tukawa tunawatilia samaki kwa ncha za vidole, mara kwa mara, mchana kutwa. Athumani akichoka, napokea mimi au mama yake. Mara samaki mmoja akatoka nyuma ya jiwe, akadonoa. Wengine wakamfuata. Bandu bandu huisha gogo.

Ijumaa ikafika na wazee wakaja. Baba mdogo Salumu, mkubwa wao, akakohoa kidogo. "Athumani, sisi tumekaa tukaona..."

"Shemeji, leo hapana," Bi. Somoe akasema, chujio likimdondokea maji mkononi. "Mnampenda, najua, nami ndiye niliyemzaa. Lakini mnamtilia konzi nzima, naye bado hawezi kumeza. Mkija mseme moja, mmwache. Na leo hata hilo moja liacheni. Kaeni mtazame samaki."

Mwanangu, Baba mdogo Salumu alikuwa mtu wa kujiheshimu, nikajua atanyanyuka aende zake. Akanyanyuka kweli, lakini akavuta kiti chake karibu na kioo.

"Huyu mmoja wa zambarau ndiye dume?" akauliza baadaye.

"Ndiye," Athumani akajibu. "Akifa, jike mkubwa kuliko wote hugeuka dume, akashika nafasi yake."

"Hebu acha!"

"Wallahi nimeyaona mwenyewe huko chini."

Mazungumzo yakawa hayo, ya miambani, na umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Samaki wakaanza kupanda juu wakitafuta hewa. Athumani aliruka: "Leteni vikombe! Choteni, mmimine kutoka juu, maji yapate hewa!" Wazee wale wakakunja mikono ya kanzu, wakapokezana kuchota na kumimina mpaka umeme uliporudi, naye akiwaelekeza kwa sauti ile ile aliyowaitia wenzake bandarini. Nikasimama mlangoni nikalia.

Sikio halikupona. Samaki wengine walikufa hata hivyo. Lakini baadaye bandarini walimwita awafundishe wazamiaji wapya, naye akafundisha akiwa amesimama juu ya gati, miaka mingi. Na zilikuwako siku alizorudi akatazama ukuta tena. Mwenye kovu usidhani kapoa. Siku hizo nilimwekea chai, nikakaa kando yake.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukimpata mwenzio aliyevunjika moyo, usimletee maneno yako yote kwa siku moja, hata yawe ya kweli. Muulize juu ya kitu anachokijua, kisha umsikilize. Mpe neno moja, urudi kesho na jingine. Na asipolipokea, usimkasirikie, usiache kurudi. Upendo ulio na haraka humchosha mgonjwa.

Mola akupe kifua cha kungoja. Akujaalie nyumba ambayo aliyeumia anaweza kukaa ndani yake bila kuharakishwa. Na siku ukiumia wewe, akuletee watu watakaovuta kiti wakakaa nawe. Amin.