Siku Mfaranyaki Ilipomlilia Mzee Rajabu

Sina sababu ya kuficha jambo ambalo mtaa wote wa Mfaranyaki unalijua, kwa hiyo nakiri mapema: mimi, mjane wa marehemu Mbawala, mwenye cheti cha darasa la saba nilichokipata nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja (Novemba 1987, kimetundikwa ukutani, anayetaka aje akione), ndiye niliyewaliza watu wazima zaidi ya thelathini, siku ya Jumatatu tarehe 17 Agosti 1998, kwa kifo cha mtu ambaye hakupata hata kuzaliwa. Aibu yake niliibeba kifua mbele kama kawaida yangu, lakini ndani nilikuwa nimesinyaa kama nguo iliyonyeshewa na mvua.

Nawaomba msinihukumu kabla hamjajua nilifikaje huko. Mwaka ule televisheni zilikuwa za kuhesabu hapa Songea, na mojawapo ilikuwa sebuleni kwa Mama Salma, mke wa mwenye duka la mabati, ambaye nilikuwa nikimfundisha kusoma na kuandika kila Jumapili baada ya misa, naye kwa shukrani alinikaribisha nibaki kutazama igizo la upelelezi lililokuwa likirudiwa saa nane mchana. (Mara ya kwanza lilionyeshwa Ijumaa usiku, saa ambayo mjane anayejiheshimu yuko kwake.) Mhusika mkuu alikuwa Inspekta Kibwana, mpelelezi mwembamba ambaye hakuwahi kumuuliza mtu swali kabla hajaonja chakula cha nyumba ile, na kwa mwezi mzima nilikuwa nimewatambua wahalifu wake wote kabla yake, isipokuwa mmoja ambaye hadi leo naamini alionewa.

Jumapili ile ya tarehe 16, Mzee Rajabu, tajiri wa mbao, alikutwa amekufa mezani kwake, kikombe cha chai mbele yake kikiwa nusu.

"Ni mke," akasema Mama Salma hata maiti haijafunikwa. "Mtazame alivyo mdogo. Nani amepika chai?"

"Aliyepika chai si lazima awe ndiye aliyetia sumu."

"Mwalimu, wewe huwajui wasichana wa siku hizi."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona jambo. Yule mke alipokimbilia uani kuita majirani, mguu wa kulia alivaa kandambili ya kijani na wa kushoto ya bluu, na picha ilipita hapo mara moja tu, bila kusimama, kana kwamba hata waliolitengeneza igizo hawakuona. Mimi niliona. Tarehe 3 Machi 1984, siku aliyofariki mume wangu, nilitembea hadi hospitali na kurudi nikiwa nimevaa kiatu changu kimoja na chake kimoja, na sikujua hadi jioni nilipovivua. Mwanamke aliyepanga kifo anajua viatu vyake viko wapi! Tena, mniwie radhi kwa kulisema hili, baada ya mazishi ndugu za mume wangu waliniuliza mara tatu marehemu alikula nini siku ile na ni nani aliyempikia. Kwa hiyo swali la nani alimuua Mzee Rajabu halikuwa mchezo kwangu, ingawa nilijua vizuri sana kwamba ni mchezo.

Inspekta Kibwana akawakusanya wote sebuleni: mke, dereva, na mdogo wake marehemu aliyekuwa akiomboleza kwa sauti kubwa kuliko wote. "Muuaji yumo ndani ya chumba hiki," akasema, akanyanyua kidole, kidole kikaanza kuzunguka polepole, kikampita dereva, na hapo umeme ukakatika.

Tulikaa mbele ya kioo cheusi dakika arobaini, nilizipima kwa saa yangu. "Ni mke tu, mwalimu," akahitimisha Mama Salma. "Nenda kapumzike."

Sikupumzika. Hayo yalikuwa marudio, wasingerudia tena, na Jumapili inayofuata Inspekta angekuwa na maiti nyingine. Jumatatu asubuhi nikafanya uamuzi mdogo, ambao wakati ule niliuona wa kisomi: niende nikampigie simu binti yangu Fortunata, ambaye alilitazama igizo lile kila Ijumaa.

Fortunata alikuwa mapokezi katika zahanati ya mtu binafsi Dar es Salaam, na simu ya zahanati ndiyo pekee niliyoweza kumpata kwayo. Mnakumbuka mambo yalivyokuwa: unakwenda ofisi ya simu, unamwandikia karani namba, unakaa kwenye benchi pamoja na foleni nzima, hadi uitwe kibandani. Na mtu wa Songea hakupiga simu Dar es Salaam kuulizia hali ya hewa. Simu ilikuwa ya ugonjwa, au ya kifo.

"Nani aliyeomba zahanati, Dar es Salaam?" karani akapaza sauti. "Kibanda cha pili!"

Benchi zima likanigeukia. Nikaingia, mlango haukufunga vizuri, na laini siku ile ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga, ikanibidi nipige kelele.

"Fortunata! Ni mama! Nieleze, nani amemuua Mzee Rajabu?"

"Shikamoo mama. Umepiga simu kwa ajili ya hilo?"

"Marahaba, jibu upesi! Ni mkewe?"

"Siyo mkewe. Ni mdogo wake."

"Mdogo wake! Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja, mama. Walikuwa wanagombea shamba."

"Kwa ajili ya shamba! Na mke je? Wamemwachia?"

"Wamemwachia. Alilia sana."

Nami nikalia. Sikuwa nimelia mbele za watu tangu mwaka 1984, lakini pale kibandani machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa, nikaegemea mlango, nikajifuta kwa upindo wa kanga, na nilipotoka foleni iliniachia njia yenyewe. Wa nne katika foleni alikuwa Mama Kapinga, jirani yangu na mwenzangu katika jumuiya ya kanisani, mwanamke mwema mwenye miguu myepesi. Akanishika bega.

"Pole sana, dada."

"Asante," nikamwambia. "Angalau ukweli umejulikana."

(Leo nikiikumbuka sentensi hiyo naitafutia mahali pa kuifukia.)

Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu, kwa faida ya wageni. Kwetu mfiwa haulizwi maswali njiani. Aliyepata habari hukimbia kuwaarifu wengine, watu huenda nyumbani, hutoa vyombo nje, hutandika mikeka, hulia na mwenye msiba, na baada ya watu kutulia ndipo mzee mmoja huuliza kwa heshima marehemu ni nani na amefia wapi. Kuuliza kabla ya hapo ni utovu wa adabu, hata kama unaungua kwa kutaka kujua. Mama Kapinga ana adabu zake zote. Tena ndiye ninayemwachia ufunguo wa nyumba kila ninapotoka.

Mimi nikapitia sokoni kwa raha zangu, nikazunguka, nikanunua nanasi. Nilipofika nyumbani yapata saa sita, viti vyangu vinne, meza na kabati la vyombo vilikuwa vimepangwa uani kwa ustadi. Kichwa changu bado kilikuwa cha Inspekta Kibwana, nikakagua: kufuli halikuvunjwa, vikombe vyote vipo, basi si wezi. Nyayo nyingi zinatoka njiani kuingia uani, hakuna zinazorudi. Jikoni kuna moshi. Nilikuwa bado najumlisha ushahidi huo, nanasi mkononi, mwanamke mmoja aliponiona mlangoni akaangua kilio, na nyumba nzima ikaitikia.

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba nimefiwa, na kwamba watu wamewahi kujua kabla yangu. Fortunata nilikuwa nimetoka kuzungumza naye, kwa hiyo si yeye. Wakaniketisha mkekani, mmoja akaniegemeza kwa nyuma, na nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Inasemekana ni mtu wa Tunduru." Shemeji yangu wa Namasakata, hukohuko Tunduru! Ndiye pekee katika ukoo ule ambaye hakuwahi kuniuliza habari za chakula. Nikalia kilio cha kweli kabisa, wao nao wakazidisha kwa kuona ninavyoumia, mimi nikazidi kwa kuona wanavyoumia wao, na kwa muda wa saa nzima hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua kwa hakika tunamlilia nani. Mimi sikuuliza, kwa kuwa nilisubiri kuambiwa kwa utaratibu. Wao hawakuuliza kwa sababu hiyohiyo.

Hatimaye Mzee Haule, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akasimama. Kwanza akasali, na katika sala akamshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, "ambaye binafsi nilimfahamu, mtu mkarimu, tulipata kusafiri naye basi moja kwenda Tunduru akanigawia mihogo." Kisha akanigeukia.

"Mama Mbawala, tumekuja kukushika mkono. Sasa kwa utaratibu wetu tunaomba mfiwa ataje jina la marehemu, tarehe na mahali alipofia, katibu aandike."

Katibu ni mimi. Mtu mmoja akaniletea daftari langu na kalamu.

"Mzee Haule," nikasema, "mimi ndiye niliyekuwa nawasubiri ninyi mniambie. Nani amefariki?"

Mama Kapinga akaniinamia, akasema taratibu, lakini chumba kizima kikasikia: "Dada, ni uchungu huo. Si Mzee Rajabu? Aliyeuawa na mdogo wake kwa ajili ya shamba? Si ndiye uliyemuulizia kwa simu zahanati?"

Ndugu zangu, daftari lile nilikabidhiwa Januari 1992. Kabla ya hapo taarifa za misiba ziliandikwa ovyo, watu wakizika tarehe moja na kuombea nyingine. Mimi sikuandika kifo hata kimoja bila kuthibitisha, na kwa neno langu tu watu waliacha majembe shambani na maduka yamefungwa. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hana shamba la kahawa wala ng'ombe. Ana hilo, la kwamba akiandika, ni kweli. Na sasa nilikuwa nimeshika kalamu, na njia ya kuponea ilikuwa wazi mbele yangu: Rajabu, rafiki wa zamani wa marehemu mume wangu, mfanyabiashara wa Tunduru. Nani angekwenda kuuliza? Mwenyekiti mwenyewe alikwisha kula mihogo yake! Nilikuwa nimeandika herufi R. Nikaitazama. Nikaikata mstari.

"Mzee Rajabu hajafa," nikasema. "Wala hakuwahi kuishi. Ni mtu wa kwenye televisheni. Nilipiga simu kuuliza igizo liliishaje."

Mzee Haule akakohoa. "Basi yule wa mihogo," akasema, "atakuwa Rajabu mwingine."

Kicheko kilianzia jikoni, kikaja kwa mawimbi. Wapo ambao hawakucheka. Bibi mmoja mzee, mwenye fimbo, akanikazia macho hadi watu wakanyamaza. "Nimetoka Mletele kwa mguu, na goti hili," akasema. "Umenitoa machozi niliyokuwa nimewawekea watu wangu. Basi angalau niambie: huyo mdogo mtu, alimtilia wapi hiyo sumu?"

Kwenye sukari, nikamjibu, maana mke hakuwa anatumia sukari. Lakini nikakiri kwamba hilo ni kadirio langu, simu haikufika huko. Unga na maharage vilivyoletwa kwa ajili ya msiba hakuna aliyetaka kurudi navyo nyumbani, kwa hiyo vikapikwa, na wakati watu wanakula nikawasimulia igizo lote tangu mwanzo. Kwenye zile kandambili mbili wanawake wakapiga makofi. "Hapo kweli," akasema Mama Kapinga, "huyo hakuua." Nikadhani yamekwisha.

Jumatano tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, saa nne asubuhi, nililetewa habari kwamba dada yangu Agatha amefariki Namtumbo. Nikatuma taarifa kwa maandishi, yenye tarehe na saa, kwenye nyumba saba. Nikakaa mkekani. Saa saba ikafika, saa tisa ikafika. Saa kumi akaja Mama Kapinga peke yake, akasimama mlangoni, kibakuli cha unga amekificha chini ya kanga.

"Dada, usinikasirikie, nimetumwa," akasema. "Watu wanauliza. Huyu ni wa kumzika, au ni wa kumtazama?"

"Ni Agatha," nikamwambia. "Ndiye aliyenilipia kitabu changu cha kwanza."

Akaweka unga chini, akaketi, akanishika. Wengine wakaja baada yake, wote, na walinililia vizuri, sina lawama. Nami niliapa siku ile, na kiapo nimekiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili katibu atakayenifuata akisome: kifo cha kutungwa sitakiulizia tena mahali penye masikio ya watu, hata nikose usingizi mwezi mzima kwa kutojua muuaji ni nani. Maana kwa Mzee Rajabu walifika kabla ya saa sita mchana. Kwa dada yangu walifika jua likizama.