Ng'ombe Ambaye Hajafika Kachibora

Wekesa mwanangu, weka hicho kitabu chini kidogo, hakitakimbia. Jumamosi unaenda Sirisia na wajomba zako kuzungumza mahari, na jana nilikusikia ukimweleza mama yako kwamba mahari ni soko tu kama masoko mengine. Mama yako alicheka mpaka akatafuta kiti. Wewe ukadhani anakucheka. Kicheko kile kilikuwa changu, na nimekibeba tangu kabla hujazaliwa.

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu shambani. Nilikuwa nimemaliza chuo Nairobi, nimesomea uchumi kama wewe. Siku hizo mtu wa Matulo mwenye digrii aliombwa kusalimia watu kanisani hata kama hana la kusema, nami sikuwahi kukosa la kusema. Nilikuwa nimempenda msichana wa Kachibora aitwaye Nafula, binti ya mkulima mmoja, Mzee Barasa. Ndiye huyo mama yako.

Sasa, zizi letu lilikuwa karibu tupu. Babu yako alikuwa ameuza ng'ombe wake ili nisome. Jambo hilo sikumwambia mtu, lakini lilinikosesha raha kabisa. Nikajipa moyo kwamba pale ng'ombe walipopungua, elimu itajazia.

Desturi unaijua. Anayeoa hasemi. Anakaa pembeni, anakunywa chai, anatazama viatu vyake, na wazee wanamsemea. Siku tulipokwenda Kachibora nyumbani kwao, msemaji wetu alikuwa mjomba Makokha, ndugu ya mama yangu, mtu wa maneno machache aliyekohoa kabla ya kila sentensi. Upande wa pili walikaa Mzee Barasa na dada yake, Senge Rosa, maana shangazi kwetu huitwa senge, aliyeuza mitumba soko la Kitale. Mama huyo alikuwa amebishana bei na watu wa kila aina, na kwa sura yake tu niliona kwamba amekuja kustarehe.

Mzee Barasa akataja ng'ombe anaowataka. Mjomba akakohoa. Nikaona anakohoa muda mrefu mno, nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "tusitaje bei kabla hatujaelewana thamani ni nini."

Mjomba akanivuta koti. Lilikuwa koti la kuazima, nikaogopa litachanika, lakini sikukaa. Nikawaeleza kwamba zamani wafalme wa Ulaya walidhani utajiri ni dhahabu iliyofungiwa sandukuni, kama sisi tunavyodhani ni ng'ombe waliofungiwa zizini. Kisha akatokea Mskoti mmoja akawaambia wamekosea, utajiri ni kazi ya watu. Yeye na waliomfuata wakasema thamani ya kitu hupimwa kwa kazi iliyoingia ndani yake. Nilijiona nimeshashinda, kwa sababu nilidhani kumlea msichana ni ugali na mboga tu.

"Kazi?" akauliza Senge Rosa. "Hiyo imekaa vizuri. Wacha tuhesabu kazi. Huyu msichana alishikwa na surua, mimi ndio nilimbeba kwa mgongo mpaka Kitale, mvua inanyesha. Hiyo ni kazi ama si kazi?"

"Ni kazi, senge."

"Nywele yake nimesuka kila Jumapili mpaka akaenda sekondari. Karo yake babake amelima shamba ya watu. Hiyo nayo?"

"Hiyo pia, senge."

Alipomaliza kuhesabu, ng'ombe mmoja alikuwa ameongezeka, na mjomba alikuwa amefumba macho.

Mtu mwenye akili angekaa hapo. Mimi nikabadilisha wasomi. Nikasema kwamba hao wa kazi walikuja kusahihishwa na wengine, waliosema bei inatokana na hamu ya mtu kwa kile kimoja anachoongezewa. Glasi ya kwanza ya maji ni tamu, ya tano unainywa kwa heshima tu. Na hapo, mwanangu, nikatamka neno ambalo mama yako hunirudishia kila tunapogombana. Nikasema, "Na mzee hapa ana mabinti watano."

Wanawake waliokuwa wakizungumza jikoni wakaja kuchungulia mlangoni.

Mzee Barasa hakukasirika. Aliweka kikombe chini polepole. "Na wewe uko na bibi wangapi?"

"Sina hata mmoja, mzee."

"Basi hii yako ni glasi ya kwanza," akasema. "Na naona uko na kiu sana."

Senge Rosa alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Ng'ombe mwingine akaongezeka.

Jasho likaanza kunitoka. Nikamkimbilia tena yule Mskoti. Nikasema basi soko liachwe huru, wazee wasiingilie, kila mtu atafute faida yake na mkono usioonekana utapanga mambo yenyewe.

"Ati tufungue soko?" akasema Mzee Barasa. "Si hiyo ni rahisi. Kuna mwalimu wa Sirisia ameleta salamu hapa kwangu, nikamwambia angoje. Ako na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mingi, bana, na pikipiki. Nimwite?"

Sufuria ikaanguka jikoni. Mkono ulioiangusha niliujua.

Mpaka hapo nilikuwa nikicheza na maneno, na sasa niliona waziwazi kwamba naweza kurudi Matulo bila Nafula, na kwamba nitakuwa nimejinyima mwenyewe. Badala ya kuomba radhi nikafanya la mwisho. Nikasema kulikuwa na Mjerumani mwenye ndevu aliyetufundisha kwamba wenye mali huwanyonya wasio na mali, na kwamba haya tunayofanyiwa ni unyonyaji.

Mzee Barasa akasimama, akachukua kofia yake ukutani. Mtu akichukua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe, ujue wewe ndiye unayetakiwa kuondoka.

Mjomba akakohoa. "Tunaomba ruhusa tutoke nje kidogo," akasema.

Alinipeleka nyuma ya ghala la mahindi. Nilitarajia kofi, na hata hapo sikukoma. Nikamwambia amebaki mmoja, Mwingereza aliyesema kwamba mambo yakiwa magumu, serikali ikope pesa na kuzitumia.

"Huyo mwache huko huko," akasema mjomba. "Hebu niambie. Hao watu yako, wakiandika hayo maneno walikuwa wanaona nini?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa katika mtihani wowote. Nikafikiri. Nikamwambia Mskoti aliona wafanyabiashara wachache wakipendelewa na wakubwa na watu wa kawaida wakiumia. Mjerumani aliona watoto wakichakaa viwandani. Mwingereza aliona wanaume wenye nguvu zao wamepanga foleni na kazi hakuna.

"Kumbe kila mtu aliangalia shida ya kwao kwanza, ndio akaongea," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na wewe shida yako ni gani?"

"Hatuna ng'ombe, mjomba. Naogopa nitamkosa Nafula."

"Sasa si ungesema hivyo? Umetembea Ulaya yote, na Matulo umeiruka."

Tulirudi ndani. Mzee Barasa alikuwa bado ameshika kofia. Nikaomba radhi, kisha nikamwambia wazi kwamba baba yangu aliuza ng'ombe nikasoma, kwamba zizi letu halina kitu, kwamba nampenda binti yake, na kwamba maneno yangu mengi yalikuwa ya mtu mwenye hofu na aibu. Nikakaa, nikatazama viatu vyangu.

"Sasa ameanza kuongea," Mzee Barasa akamwambia dada yake, na kofia ikarudi ukutani.

Nilitozwa mbuzi kwa kusema pasipo ruhusa. Ng'ombe walioletwa na mdomo wangu wakafutwa, na waliobaki tukakubaliana waje polepole, kadiri Mungu atakavyojalia. Kisha mzee akasema, "Lakini hiyo ng'ombe ya mwisho, usilete."

Nilitaka kusimama. Mjomba akanishika koti, na safari hii likachanika. "Lakini mzee," nikasema nikiwa nimekaa, "hilo ni deni."

"Ukimaliza kulipa, utakuja hapa kutafuta nini?" akasema. "Wacha ibaki. Mimi nitauliza ng'ombe, wewe utasema iko njiani, tutakunywa chai."

Mwanangu, nilikuwa nimesoma bei za kila namna, lakini sikuwahi kusoma bei ambayo pande zote mbili zinaomba isimalizike. Kila Desemba tukifika Kachibora aliniuliza ng'ombe amefika wapi. Nikamwambia yuko Webuye. Mwaka mwingine nikamwambia amefika Kiminini, anakula nyasi kidogo. Nawe ulikuwa mdogo, ukadhani tunazungumza juu ya ng'ombe wa kweli, ukawa unamtafuta barabarani. Mzee alipolazwa mara ya mwisho, sauti imebaki kidogo tu, alinishika mkono akaniuliza tena. Nikamwambia yuko njiani, baba. Akasema, "Usimharakishe." Nililia siku hiyo kuliko nilivyomlilia baba yangu mzazi.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Wasome hao wasomi wote, tena uwaheshimu, maana kila mmoja alitazama shida ya watu wake bila kufumba macho. Ila kabla hujaazima jibu la mtu, uliza yeye aliulizwa nini. Halafu tazama shida iliyo mbele yako, uiseme ilivyo, hata kama inakutia aibu. Jumamosi kaa pembeni, unywe chai. Na wakikuachia ng'ombe mmoja, shukuru, usimpeleke.

Mungu akupe wakwe watakaokuuliza ng'ombe huyo mpaka mvi zikutoke. Akupe njia ndefu ya kumpitisha, na chai kila utakapofika. Nenda na baraka zangu na za mama yako, na uvae koti lako mwenyewe.