Sentineli wa Viti

Nakumbuka siku ambayo mama yangu alivisalimia viti vyangu, mwanangu, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu njiani, watu wakidhani uzee umeniingia vibaya.

Nilikuwa kijana mwenye pesa. Nilinunua mchele Luvungi nikauuza Uvira, na biashara ilipokubali nikajipatia seti ya viti vya sebuleni, vyekundu, vingali ndani ya nailoni ya dukani. Wahenga walisema maskini akipata, matako hulia mbwata. Yangu hayakulia, maana sikuyaruhusu kukaa. Mimi na mke wangu Furaha tulikula mkekani, nailoni isije ikachanika. Wageni niliwapa vidumu uani wakalie. Walipopungua nikasema wana wivu.

Baba alipofariki nikamleta mama kutoka Makobola akae nasi. Nilimtaka sana, mwanangu, maana sikuwa na mzazi mwingine. Siku ya kwanza nikamtandikia mkeka, ya pili vilevile, na magoti yanamuuma. Siku ya tatu Furaha alileta bugali, pamoja na samaki wetu mukeke aliyeogelea mafuta ya mawese. Mama akasimama mbele ya viti, akainama kidogo.

"Jambo, bakubwa. Mulilala muzuri?"

Kisha akainua sahani ya samaki na kukikaribisha kiti kikubwa. Niliruka kutoka mkekani nikaidaka. Mchuzi ukanimwagikia tumboni, kiti kikapona.

"Weye," mama akasema taratibu, "jana nilikuita unisaidie kuinuka, ukakuja polepole. Leo umeruka. Minye nilizala mutoto, sikuzala sentineli. Kesho narudia kwangu Makobola."

Sentineli kwetu ni yule anayelipwa kulinda mali ya mwingine. Mimi hata mshahara sikuwa nao. Furaha alicheka mpaka akashika ukuta, lakini mimi niliona aibu na hofu, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kutania safari. Nikachukua kisu cha jikoni, nikachana nailoni yote, nikamshika mkono nikamkalisha. Akajisogeza huku na huku, akaguna.

"Kumbe biko bigumu."

Akala palepale, na Makobola hakurudi. Aliishi nasi hadi Mungu alipomwita, na wageni wake walikijaza kila kiti mpaka mimi nikakosa pa kukaa.

Basi, mwanangu, tafuta pesa bila kuona haya. Umaskini hauna sifa, usidanganywe. Ila unachokinunua kikutumikie. Ukiona unakaa chini ili kitu chako kikae juu, jua umeshaajiriwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hakuna anayepona kwa kumkalisha mgeni juu ya kidumu. Mungu akupe viti vizuri, kisha avichakaze mapema kwa makalio ya wanaokupenda.