Mgeni Aliyeandikwa Gazetini

Nyie mliokuja kunisikiliza, nitazameni usoni, msione haya. Mashimo haya ni ya ndui. Jicho hili lililofumba si la ndui, hili ni la gazeti.

Zama zile za siasa, kabla ya Mapinduzi, nilikuwa msichana wa Pujini, hapa Pemba, fundi wa kusuka mikeka, na uzuri wangu nikiujua. Kiuno kikaanza kuniuma, nikatapika, homa ikanilaza. Ilipopungua, upele ukatoka usoni, kinywani, viganjani, hata nyayoni, ukajaa usaha. Nilinuka hata mwenyewe nikaichukia pua yangu. Mkeka ulikuwa ukinigandia ngozini, nikalazwa juu ya majani ya mgomba.

Bwana daktari kutoka Chake Chake aliamuru nitengwe kwenye kibanda cha uani. Wengine ndiyo kwanza walikuwa wakichanjwa, kwa hiyo akasema aingie aliyekwisha kuugua tu. Huyo alikuwa mmoja, jirani yetu Bi Tausi, mwenye makovu ya ndui tangu utotoni. Baba yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu, yeye akazaliwa papo hapo Pujini. Ndiye aliyeninywesha uji, na kila asubuhi akanifungua macho kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, maana usaha ulikuwa ukiyagandisha.

Basi akaja mwandishi wa gazeti la mjini. Gazeti lenyewe silitaji, lisije likajiona mtu. Hakushuka hata kwenye baiskeli. Leso puani, akamwuliza mama kutoka njiani kuna nini ndani. Sasa kwetu ndui haitajwi jina, bibi zetu walitukataza, ikitajwa hukasirika. Huitwa mgeni. Mama akamjibu kwa adabu zote:

"Tuna mgeni ndani, mwanangu. Tumemtenga, twangoja atoke."

Msomi yule akaenda kuandika kwamba ndui imeletwa Pemba na mgeni kutoka bara, na wenyeji wamemficha. Hilo la bara alilitoa kichwani mwake, na sijui mlikuwa na nini kingine humo. Gazeti likasomwa kwa sauti barazani, na wajuao kusoma na wasiojua wakawa wajinga sawasawa. Wakatazama makovu ya Bi Tausi, wakasema ushahidi ndio huo. Wakamfukuza. Akaenda kwa dada yake huko Madungu na furushi lake.

Nikabaki peke yangu. Mama alikuwa na mtoto mchanga, daktari amemkataza kuingia. Alinisukumia kata ya maji kwa kijiti huku akilia mlangoni. Macho yakagandamana. La kushoto likapwita kama jipu, kisha likaacha kuuma. Nilifurahi, maskini mimi.

Daktari aliporudi akauliza nani ananiosha. Alipoelezwa, akaenda mwenyewe Madungu kumchukua Bi Tausi kwa gari, akampitisha mbele ya baraza ile ile. Hakuna aliyeinua uso. Bi Tausi akanawa mikono, akaomba chumvi, akaanza pale alipoachia. La kulia likaona.

Magamba yakadondoka, nikapona, Alhamdulillahi. Nikangoja gazeti liseme limekosea. Likaja na habari za mchezo wa ng'ombe.

Maradhi yakiingia kwenu, chanjweni, na mgonjwa msimwache macho yagande. Na gazeti likikwambieni nani kayaleta, ulizeni kwanza mwandishi aliingia nyumba gani. Wengi wao hawajavuka kizingiti, na kalamu yao ndiyo hiyo haikauki.

Bi Tausi kesha kufa, Mungu amrehemu, nami namshukuru kila ninapofumbua jicho. Siku niliyotoka kibandani nilimwambia kwa furaha kuwa mgeni keshatoka. Alikuwa akisuuza kata, wala hakunitazama.

"Wako keshatoka, mwanangu," akasema. "Miye nimezaliwa hapa, na ningali mgeni."