Shangazi Anataka Niendelee Kuwa Kichaa ili Mwanawe Aoe

Admin, jina langu lifiche vizuri, kama shangazi yangu anavyoficha magonjwa ya nyumbani kwake. Wengine wote hamjambo. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, Muhindi wa Tanga, naishi Fairfield, Sydney, kwa shangazi, dada wa baba. Shule niliishia kidato cha pili, tulishindwana. Lakini kwenye foklifti hamna wa kunifikia, ghala zima kule karibu na bandari wanalijua hilo. Sura pia ninayo. Nayasema mapema ili mjue anayewaandikia si mtu wa kuonewa huruma.

Mwaka jana baba alifariki Tanga, nami sikuwahi kumzika. Nikadhani nitalia yaishe. Wapi. Usingizi ukaniruka, chakula kikawa kama karatasi, na siku moja nikazima foklifti katikati ya njia nikakaa tu, machozi yanashuka, malori yananipigia honi. Bosi wangu, Mzungu mmoja ana tumbo kama pipa, hakugomba. Alinipeleka mwenyewe kwa daktari. Nikaambiwa ni sonona, nikapewa vidonge na mama mmoja mshauri wa kuongea naye. Wazungu hawana siri na mambo haya. Bosi ananiuliza mbele ya wanaume wote tukinywa chai kichwa kinaendeleaje, kama mtu anayeulizia jino. Na yule mshauri kila saa ni wewe unajisikiaje, wewe unataka nini. Wewe, wewe. Kwetu Wahindi hakuna wewe. Kuna sisi, na sisi tuna watoto wa kuoza, na watu watasemaje.

Shangazi kwanza alisema ni gesi, akanichemshia ajwaini, zile mbegu za dawa ya tumbo. Halafu akasema ni jicho la hasidi, akanizungushia chumvi na pilipili kavu kichwani, akazichoma jikoni mpaka king'ora cha moshi kikalia. Mwisho akasema ni tenshani tu, mawazo, nikioa itakwisha. Nisimsingizie, ile pilipili ilinifariji kuliko vidonge vya mwanzo, maana alikuwa amenishika kichwa. Ila siku alipoviona vidonge vyenyewe, alifunga dirisha kwanza, ndipo akaniuliza ni vya nini.

Na mtu wa kuoa nilikuwa naye. Nimwite Ruksana. Tulishapendana, kwao wanasubiri wakubwa waje tu. Shangazi akavaa dhahabu zake zote akaenda kuniposea. Akarudi amemposea mwanawe. Alimwambia mama yake Ruksana kwamba mimi akili imepata hitilafu, anakunywa dawa za vichaa yule, lakini nyumba ile ile kuna Imu, ana digrii, mzima. Siku ya uchumba wao nani alibeba sufuria ya biriani kutoka kwenye gari? Mimi. Nikaipakua huku natabasamu, na kila kijiko nilikuwa naapa moyoni kwamba hawa watu nitawalipa.

Sasa sikieni. Harusi imekaribia, na Imu kaanguka. Mwenye digrii, mwenye tai. Anaendesha gari mpaka kazini kwake, anakaa ndani ya gari, hashuki. Mikono inamtetemeka, chakula hali, akiulizwa anasema kifua kinabana. Shangazi kamchemshia ajwaini, kachoma pilipili, king'ora kimelia, wapi. Basi akanifuata jikoni, akaniwekea chapati ya kwanza, yenye samli, akaniita beta, yaani mwanangu, jina nililokuwa sijalisikia tangu posa. Akataka nimpeleke Imu kwa daktari wangu, ila tukionwa tuseme mgonjwa ni mimi, yeye kanisindikiza.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema taratibu, bila hata aibu:

"Wewe jina lako limeshaharibika, beta. La Imu bado jipya."

Chapati nilimaliza, msidhani niliisusa. Nikakubali, maana nilitaka kumwona Imu amekaa kwenye kile kiti nilichokalia mimi. Daktari yuko Mount Druitt, mbali, watu wetu hawafiki huko. Mlangoni tukagongana na nani? Mama yake Ruksana, kumbe analea wazee jengo la pili. Imu akaniwekea mkono begani.

"Nimemleta huyu, mama," akasema. "Leo hajaamka vizuri."

Yule mama akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyepotea sokoni. Ikaenea. Sasa jamaa zetu wote wanamsifu Imu kwa moyo wake, na Ruksana mwenyewe kanitumia ujumbe kwamba nimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu anayenibeba. Anayenibeba. Nilitaka kutafuna simu.

Kwenye treni ya kurudi Imu akasema pale ndani alilia, na kwamba ile wiki alikuwa amefikiria mambo asiyoweza kumwambia mama yake. Akaniomba nisimwache aende peke yake, na watu wakijua hatarudi kwa daktari kabisa. Usiku ule alikula. Nami nikajichukia kwa kufurahi.

Lakini hasira haijanitoka, tena imenona. Harusini mimi nimepangiwa kushika maiki niongee kama ndugu wa bwana harusi. Sentensi moja tu inatosha: mgonjwa siye mimi peke yangu. Shangazi dhahabu zake zitamwanguka. Na Ruksana si ana haki ya kujua anayeolewa naye? Au hiyo ni hasira yangu imevaa nguo ya haki? Mshauri wangu nimemwambia, akaniuliza wewe unataka nini. Nimemjibu nataka wanyooke.

Nikisema, Imu harudi tena kwa daktari, na mimi najua alikokuwa amefika. Nikinyamaza, nitabaki kichaa wa ukoo mpaka naingia kaburini, huku aliyenichukulia mchumba anasifiwa kwa kunisindikiza. Sasa nyie mnaonisoma, nikishika ile maiki niseme nini? Msiniambie nisamehe. Hilo sijauliza.