Teke la Mpishi

Bhikari Swain alikula kwa mkono wa kushoto, na katika mtaa wa mitambo ya kufuma kule Surat, mtu mzima anayekula kwa kushoto hutazamwa kama mtu aliyevua nguo sokoni. Hakuwa na la kufanya. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ngozi ikakunjamana na kung'aa kama nta, na kiganja hakikufumba tena. Na huo wa kushoto wenyewe ulikuwa na vidole vitatu.

Vidole viwili vilikwenda na mkanda wa mtambo. Aliletwa Surat na wanaume wa kijiji chao kule Ganjam, pwani ya mashariki, akiwa na miaka kumi na mitano, mgongo wake ukiwa bado na alama za fimbo za baba. Jina lake lilimaanisha ombaomba. Mama yake alizika watoto wawili kabla yake, akampa jina la kinyonge ili kifo kimpite bila kumtamani. Kifo kilimpita kweli, lakini kilimparua kila kilipopita. Miaka kumi na miwili ya kelele za mitambo ilimwacha akisikia kwa shida, kisha mkanda ukala vidole, na mwenye bwalo akamwambia: "Wewe sasa ni wa jikoni."

Jikoni ndipo alipopata heshima yake. Bwalo lilikuwa ukumbi mmoja wa juu wenye mikeka arobaini kwa wanaume themanini: nusu wako kazini, nusu wamelala, wakipokezana hata joto la mkeka. Chini palikuwa na jiko na ua. Bhikari aliwapikia wali, na dengu za maboga na mapapai mabichi. Mafuta ya haradali yakishachemka alitupia mbegu tano: bizari nyembamba, uwatu, habasoda, shamari na haradali yenyewe. Zikipasuka, watu waliolala juu waliamka wakiita mama zao. Samaki mkavu alipikwa kwa siri, Jumapili, kwa sababu mwenye bwalo alikuwa Mgujarati asiyevumilia hata harufu yake.

Katika mtaa ule kila mtu alimjua mwenzake kwa moshi wa jiko lake, na kila mtu alimdharau mwenzake kwa moshi huohuo. Wa Ganjam walimcheka Mgujarati anayetia sukari guru kwenye dengu. Mgujarati aliziba pua akipita penye mafuta ya haradali. Muuza duka wa Kitamil, ambaye hakuona chakula pasipo ukwaju, alisema wote hao wanakula matope.

"Wote tunaanza sawa," Bhikari alikuwa akisema. "Mafuta yachemke, mbegu zipasuke. Baada ya hapo ndipo tunapoanza kuchukiana."

Watu walicheka. Hakuwa akitania.

Mwezi wa Aprili mwenye bwalo alileta wanaume ishirini na mmoja kutoka Banda, nchi kavu ya mbali kaskazini, ambako mtu akikosa chapati husema hajala hata kama amemaliza sinia la wali. Walifika saa sita mchana baada ya siku mbili kwenye treni, midomo imepasuka, macho mekundu. Kiongozi wao alikuwa Chhedilal, mtu mrefu mwenye masharubu, aliyekuwa akilima kabla mvua hazijamsusa.

Bhikari aliwatazama akawahurumia. Akawatolea kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo siku ya joto: wali uliolazwa kwenye maji tangu jana hadi ukachachuka kidogo, ukatiwa mtindi, ndimu na chumvi, pembeni kitunguu kibichi na pilipili. Kule Ganjam chakula hicho hupewa mgeni aliyetoka juani, na hata Mungu hutengewa hekaluni. Bhikari aliweka sinia la kwanza mbele ya Chhedilal kwa mikono miwili.

Chhedilal aliinama akanusa. "Huu wali wa lini?"

"Wa jana," Bhikari akajibu kwa fahari. "Umelala vizuri."

"Wa jana." Chhedilal akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tumevuka nusu ya nchi kuja kula makombo yaliyooza. Ng'ombe wangu nikimpa haya atanipiga pembe!"

"Kaka, onja kwanza..."

"Onja wewe!"

Akalipiga sinia teke. Wali ukaruka ukatapakaa ukutani na miguuni mwa watu.

Kwa watu wa Ganjam, wali ni mungu mke aliyeingia nyumbani. Haukanyagwi, sembuse kupigwa teke. Nabaghana, mdogo wake Bhikari, alikuwa ameketi ngazini. Alishuka, akamkamata Chhedilal masharubu, akampiga kichwa cha pua. Mara moja ua mzima ukawa ngumi na mateke. Masinia yalitumika kama mashoka. Mzee mmoja wa Ganjam alivunjwa taya, kijana mmoja wa Banda akapasuliwa utosi kwa jiwe la kusagia. Ugomvi ulipoisha, wali ulikuwa mwekundu.

Wapo waliosema baadaye kwamba ni joto, au njaa, au uchovu wa safari. Si kweli. Mtu mwenye njaa hula. Wale watu walipigana kwa dharau: mmoja alidharau chakula asichokijua, na mwingine aliona afadhali amwage damu kuliko kukieleza.

Vita ikahamia kazini. Ndani ya kila mtambo kuna kipande cha mti chenye ncha za chuma kinachobeba uzi huku na huku. Ukikishika mkononi ni kisu. Siku ya nne Nabaghana alimchoma nacho mtu wa Banda shavuni, ncha ikatokea mdomoni na jino. Nabaghana akasimamishwa kazi wiki mbili, akatumwa jikoni kumsaidia kaka yake. Kesho yake asubuhi wanaume sita wa Banda, Chhedilal mbele, waliingia jikoni kumtafuta. Hawakumkuta. Walimkuta Bhikari akikoroga dengu.

"Mdogo wako yuko wapi, mpishi?"

"Sijui. Na ningejua nisingekwambia."

Wawili wakamshika. Chhedilal akaukamata mkono wake wa kulia, ule unaogawa chakula, akauzamisha kwenye sufuria inayochemka hadi kiwikoni, akahesabu hadi kumi kwa sauti, kama mwalimu. Bhikari alipiga kelele zilizosikika hata juu ya mitambo.

Polisi hawakuitwa. Mwenye bwalo hakutaka polisi, nao wafanyakazi, wa pande zote mbili, kila mmoja alikuwa na cha kuficha. Alichofanya mwenye bwalo ni kupiga mstari wa chokaa katikati ya ua. Watu wa Banda wangeoka chapati zao upande wao, juu ya makaa. Bhikari angewapikia dengu tu, katika sufuria yao peke yake, kwa bizari na mvuje kama walivyozoea. Basi mtu aliyeunguzwa akaendelea kuwapikia waliomuunguza, mkono ukiwa umefungwa majani ya mgomba, akikoroga kwa vidole vitatu. Kusaga viungo hakuweza. Nabaghana, aliyerudi baada ya mstari kupigwa, ndiye aliyesaga kule ndani.

Siku ya tisa baada ya kuungua, karibu na adhuhuri, Bhikari alikwenda kuchukua chumvi akaona jiwe la kusagia limeoshwa.

Akasimama. Nabaghana hakuwahi kuosha kitu tangu azaliwe. Bhikari akapitisha kidole kwenye mfereji wa maji machafu chini ya jiwe. Zilimnasa kidoleni mbegu bapa, za rangi ya udongo, ungezidhania za pilipili. Na kando ya tundu la mfereji palikuwa na kifumba kilichopasuka, chenye miiba pande zote.

Mnanaha. Mmea huo humtia mtu wazimu kwanza, akikimbia na kuzungumza na hewa, halafu humzimisha.

"Naba!" aliita. "Umetia nini kwenye sufuria yao?"

Nabaghana alikuwa mlangoni akijifuta mikono. "Viungo."

"Nakuuliza, umetia nini?"

"Kaka, utazame mkono wako." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Bhikari. "Utazame vizuri, halafu uniulize tena. Nimetia kwa ajili yako. Leo watacheza ngoma hapo uani, na kesho hatutakuwa na haja ya mstari."

"Wako ishirini na mmoja!"

"Wangekuwa mia ningesaga zaidi. Tulia. Wewe ni kiziwi, hukusikia, hukuona. Nani atamshuku mpishi asiye na mikono?"

Bhikari alimpita akatoka uani. Watu wa Banda walikuwa wameketi mistari miwili, chapati zimewekwa, na Chhedilal mwenyewe ameshika upawa. Upawa ulikuwa tayari umezama.

Kulikuwa na muda wa pumzi moja tu. Akisema "sumu", wataokoka, na Nabaghana atakatwakatwa papo hapo kabla hajafika ngazini. Alikuwa mdogo wake wa pekee; alimlea baada ya mama yao kufa, alimtafunia wali akiwa hana meno. Asiposema, watu ishirini na mmoja watakufa kwa chakula kilichotoka jikoni kwake. Na mpishi ana amana moja tu duniani, awe wa Ganjam au wa Banda: kwamba mtu akipokea sinia kwake, asifikirie kifo.

Bhikari akakimbia, akavuka mstari wa chokaa, akaipiga sufuria teke kwa nguvu zake zote.

Dengu zilimwagika ua mzima, zikafukiza mvuke. Upawa ukamtoka Chhedilal.

Kisha wakamrukia. Walimpiga kwa koleo za chapati, kwa vigogo vya kuni, kwa visigino. Mmoja alimpiga kwenye mkono ulioungua, majani ya mgomba yakachanika na ngozi nayo. Mbavu mbili zilivunjika. Alizisikia yeye mwenyewe, kiziwi yule.

"Unatunyima chakula, mbwa wewe!"

"Mnajidai wali ni mungu! Na dengu je, ni takataka?"

Alijikunja, akaufunga mdomo, akapigwa.

Chhedilal ndiye aliyesimamisha. Si kwa huruma. Alikuwa ameinama kuokota upawa, akaona kitu kimenasa kwenye ukingo wake. Akakichukua kwa ukucha, akakitazama juani. Huko kwao mnanaha huota kando ya mahekalu, na matunda yake huwekwa miguuni pa Mungu. Hakuna mtoto wa Banda asiyeijua mbegu ile.

"Acheni," alisema. "Nimesema acheni! Tazameni hii."

Mbegu ikapita kutoka kiganja hadi kiganja. Mtu mmoja akaanza kutapika, ingawa hakuwa amekula kitu.

Chhedilal alichuchumaa kando ya Bhikari, akamwinamia sikioni ili asikie. "Nani katia?"

"Mimi," Bhikari akasema kwa meno yenye damu. "Nimetia mimi, nimemwaga mimi. Nimalizeni."

"Ulizisaga kwa mkono gani?"

Bhikari akageuza uso.

"Nakuuliza, mpishi. Mbegu hizi ni ngumu, zinataka mikono miwili na jiwe. Wewe ulisaga kwa mkono gani?"

Wote wawili waliutazama ule mkono. Ulikuwa mwekundu, umevimba, unatoa maji, na aliyeufanya hivyo ndiye aliyekuwa akiuliza. Chhedilal akanyanyuka, na wenzake walipoanza kutazama ngazi za upande wa Ganjam, akasimama mbele yao na ule upawa.

"Atakayevuka mstari leo," alisema, "atanivuka mimi kwanza."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, Bhikari alimkuta Nabaghana ukumbini akifunga virago. Alichukua mwiko wa wali kwa mkono wa kushoto, akampiga. Alimpiga mabega, akampiga uso, akampiga hadi mwiko ukavunjika, na mbavu zake mwenyewe zikimchoma kila alipouinua. Hakuna mtu wa Ganjam aliyemzuia, wala aliyemsaidia. Wengi walikuwa wakijua habari ya zile mbegu tangu asubuhi.

"Kaka, nilifanya kwa ajili yako!" Nabaghana alilia.

"Usinitaje. Rudi kijijini. Siku nikifa usije ukanimwagia hata maji."

Nabaghana alipanda treni ya Ganjam usiku huohuo. Hakushitakiwa, na hilo halikuwa sawa. Chhedilal naye hakushitakiwa kwa mkono, na hilo pia halikuwa sawa. Bhikari hakuwahi kudai kwamba yalikuwa sawa.

Watu wake mwenyewe walimsusa. Walisema amepiga chakula teke kama watu wa Banda, tena mbele ya watu wa Banda. Wengine walihamia bwalo jingine. Waliobaki walikula kwa kunusa kwanza. Hilo lilimuumiza kuliko mbavu. Basi akaanzisha desturi: kila mchana, kabla ya kugawa, alisimama juu ya mstari wa chokaa, akachota tonge moja kutoka kila sufuria, ya wali, ya dengu za maboga, ya dengu za mvuje, akazila zote mbele ya macho yao. Alikula kwa kushoto, kwa vidole vitatu. Mwanzoni walicheka.

"Mpishi, hata aibu huna?"

"Ninayo," alijibu. "Sasa leteni masinia."

Aprili iliyofuata alilaza tena wali kwenye maji. Chhedilal alipita na chapati zake, akausikia ule uchachu, akakunja pua. Kisha akazunguka sufuria kwa mbali, kando kabisa, akiangalia anapoweka mguu, usije ukaigusa.