Aliyekata Jipu la Manirakiza

Pudentienne wa Kiringye hakuwa mtu wa kufukuzwa mlangoni akaondoka. Kijijini walisema ana kichwa kigumu, na waliosema hivyo zaidi ni wale waliowahi kugombana naye juu ya mpaka wa shamba la mihogo. Mwaka ule wa sitini na nne, Wasimba, waasi wa mashariki mwa Kongo, walipoiteka Uvira, hakubaki na mengi zaidi ya kichwa hicho. Mumewe Protais alikuwa amechukuliwa na askari wa serikali kuwabebea mizigo kwenda Bukavu, dispensari ya karibu ilikuwa imefungwa, na mwanawe Manirakiza, wa miezi minane, alikuwa na jipu nyuma ya sikio.

Lilianza kwa usaha kidogo tu sikioni. Siku ya tano uvimbe ulilisukuma sikio mbele, mtoto akachemka homa, akakataa ziwa. Alipokataa ziwa, Pudentienne alimfunga mgongoni akashika njia ya Uvira. Alitembea siku mbili katika bonde la Ruzizi, na katika kila kizuizi aliwaonyesha wenye bunduki lile sikio kabla hawajamuuliza neno.

Huko Uvira, mtaani Kilibula, waasi walikuwa na nyumba ya kutibia majeruhi wao. Muuguzi wao, Evariste, hakuja kwa hiari. Walimchukua kwa nguvu, wakamwogesha dawa yao ya kuzuia risasi, naye mwishowe akaiamini. Dawa ile ilikuwa na miiko mingi, na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa mwanamke. Pudentienne alipoingia, Evariste aliruka nyuma hadi ukutani.

“Mama, usinikaribie. Minye nilishaoga maji. Mwanamuke akinigusa, dawa inaisha, na kesho kutwa tunaenda kupigana Kamanyola.”

“Mutoto hajakugusa.”

“Iko mugongoni mwako. Ni kitu kimoja.”

Pudentienne alimfungua mtoto, akamlaza juu ya meza, akarudi nyuma hatua tatu. “Sasa haiko tena mugongoni.”

Evariste nusura acheke, lakini aliutazama mlango. Nje yake alikaa mlinzi akivuta sigara. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mlinzi yule akiona, kwa kila atakayekufa vitani itasemwa Evariste ndiye aliyeiharibu dawa, na watamuua.

“Basi nitakata minye,” alisema Pudentienne. “Weye sema tu.”

Tusimsingizie ushujaa. Aliogopa, ila njia nyingine hakuiona. Evariste alichemsha kisu kidogo, akakiweka ukingoni mwa meza, akajitenga. Akamweleza: papasa utafute palipo laini, kata kutoka juu kwenda chini, urefu wa ukucha tu, usizamishe, usishuke chini ya sikio. Pudentienne alimbana mtoto katikati ya mapaja akajaribu. Manirakiza alijipinda, kisu kikamkwaruza shingo, damu ikatoka.

“Ndugu yangu, mikono iko miwili tu. Siwezi kumushika kichwa na kumukata.”

Evariste aliutazama tena mlango. Kisha akaja, akakitwaa kisu kutoka vidoleni mwa Pudentienne, akamwambia ashike kichwa, akakata mara moja. Usaha ulitoka mwingi, wenye harufu kali, na mtoto alilia kilio ambacho kwa siku tatu hakuwa na nguvu za kukilia. Pudentienne naye alilia, wala hakuona haya. Muuguzi aliingiza utambi wa kitambaa kidondani ili kisizibe mapema, kisha akanawa mikono.

“Wakikuuliza, ni weye ulikata.”

“Ni minye.”

“Kwa watu wote?”

“Kwa wote, na siku zote.”

Mlinzi aliuliza, naye akajibu hivyo. Aliporudi Kiringye, jirani yake Generose aliuliza, akajibu hivyohivyo, na Generose hakuwa mtu wa kukaa na habari. Haukupita mwezi, watu wakasimulia kwamba alikata kwa wembe wa kunyolea, macho ameyafumba. Pudentienne aliziona sifa zile kama wizi, na zilimchoma. Lakini hakujua kama Evariste alirudi kutoka Kamanyola, na kama alirudi, bado alikuwa miongoni mwa watu ambao wangemuua kwa neno moja tu la Pudentienne. Kwa hiyo alinyamaza.

Miezi miwili baadaye alikuja Gloriose, mwanamke kutoka Mutarule, na binti mchanga mgongoni: uvimbe uleule, nyuma ya sikio. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Pudentienne alitamani kusema kweli. Alimkasirikia Evariste, akajikasirikia na yeye mwenyewe, huku vidole vyake vimeshaanza kupapasa. Palikuwa laini, pameiva. Mtoto alikuwa hanyonyi tangu jana. Aliteleka sufuria ya maji, akatia wembe ndani yake, akangoja mpaka maji yachemke sana.

“Mama Manirakiza,” aliuliza Gloriose, “ulishakata wangapi?”

“Huyu ni wa pili,” alisema Pudentienne. “Mushike kichwa, nguvu sana.”